Kanuni za dira ya maji zimfunge pia anayeifunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ankara za maji, ambao umekuwa ukijirudia katika ukurasa huu wa barua kwa namna ileile: msomaji mmoja analalamika kwamba dira yake inakimbia, mwingine anamjibu kwamba huenda bomba lake linavuja ndani kwa ndani, na wa tatu anawashauri wote wawili waombe dira ikapimwe. Kila mmoja ana hoja. Hata hivyo, kwa kuwa nilifanya kazi kwa miaka mingi katika karakana ya kupimia dira, mbele ya benchi ambako dira hizo zinazolalamikiwa huletwa, ningependa kueleza jambo ambalo sijaona likiguswa.

Dira nyingi zilizoletwa kwetu kwa malalamiko zilifaulu. Tulizifunga kwenye benchi, tukapitisha kiasi cha maji tunachokijua, tukalinganisha na namba zilizosomeka na kukuta tofauti imo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa; kisha mteja akaandikiwa kwamba dira yake ni nzima na gharama ya kuipima ni juu yake. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wateja hao walikuwa wagomvi tu. Nilipoanza kutumwa majumbani ndipo nilipotambua kwamba sisi tulikuwa tukipima kitu kimoja ilhali mteja akilalamikia kingine. Sisi tulipima dira peke yake. Yeye alilalamikia dira iliyofungwa kwake, mbele ya valvu iliyofunguliwa nusu, juu ya bomba linalokauka siku kadhaa kila wiki, pengine ikiwa na kijiwe kilichonasa kwenye tundu la kuingizia maji. Dira ilipofunguliwa, kijiwe kilianguka njiani, valvu na bomba vikabaki vilipokuwa, na kosa lote likabaki nyumbani.

Kanuni nyingi za huduma ya maji nilizowahi kuzisoma zinaeleza kwa kirefu adhabu ya mteja anayekata lakiri, yaani kifungo kinachozuia dira isichezewe, au kuigeuza dira, lakini zinapofika kwa fundi anayeifunga hutosheka na sentensi moja kwamba dira itafungwa na mtu aliyeidhinishwa. Maoni yangu ni kwamba usahihi wa dira ni wa chombo na ufungaji kwa pamoja, na kanuni inayomfunga mteja bila kumfunga fundi haijampa yeyote uhakika wa kipimo.

Ili hoja hii ieleweke, ni vizuri msomaji ajue dira inaahidi nini na haiahidi nini. Kiwango cha kimataifa cha dira za maji, ISO 4064, ambacho kinakwenda sambamba na pendekezo R 49 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, hakisemi kwamba dira itakuwa sahihi kwa kila tone. Kinagawa mtiririko katika maeneo mawili. Katika eneo la juu, ambako maji yanapita kwa kasi ya kawaida ya matumizi, kosa linaloruhusiwa kwa dira mpya ya nyumbani ni asilimia 2 juu au chini, maadamu maji hayajazidi joto la nyuzi 30 za Selsiasi. Katika eneo la chini, ambako maji yanapita polepole, kosa linaloruhusiwa ni asilimia 5. Chini zaidi ya hapo hakuna ahadi kabisa. Kwenye uso wa dira mtu ataona herufi Q3, yaani mtiririko ambao dira imeundwa kuumudu muda wote, na herufi R ikifuatwa na namba, ambayo ni uwiano wa Q3 na mtiririko mdogo kabisa ambao dira inawajibika kuupima. Dira ya nyumbani yenye Q3 ya mita za ujazo 2.5 kwa saa na R80, kwa hiyo, inaanza kuwajibika kwenye lita 31.25 kwa saa. Ikiwa ni R160, inaanza kwenye takriban lita 15.6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mtiririko wa lita 30 kwa saa unaopita usiku na mchana hufikisha lita 720 kwa siku na zaidi ya mita za ujazo 21 kwa mwezi, nao bado uko chini kidogo ya mahali ambapo dira ya kwanza inaanza kuwajibika.

Karibu na namba hizo pana herufi nyingine ambayo mafundi wengi huipita bila kuisoma. Ni H au V. Herufi H maana yake ni kwamba dira imeidhinishwa ikiwa imefungwa kwenye bomba lililolala, uso ukitazama juu. V ni kwa bomba lililosimama. Dira zenye gurudumu, ambazo ndizo zilizoenea majumbani, hutegemea ncha nyembamba inayobeba gurudumu kama pia inavyosimama juu ya msumari wake. Ukiiinamisha dira ubavu, uzito wa gurudumu unahama kutoka kwenye ncha na kuegemea ukuta wa tundu, msuguano unaongezeka, na maji yanayopita polepole hayatoshi tena kulizungusha. Dira za pistoni, zinazopima kwa kujaza na kumwaga chumba chenye ujazo maalumu, hazijali sana ulalo, ila zinachukia mchanga. Kwa nini basi dira za gurudumu huinamishwa? Mara nyingi sababu ni msomaji wa dira, ambaye amechoka kuinama shimoni na amemwomba fundi ageuze uso umwelekee. Kosa hilo humpendelea mteja, kwa hiyo hakuna anayelilalamikia, na maji yasiyohesabiwa huishia kulipwa na wateja wote kupitia bei ya jumla.

Sasa nije kwenye hewa, ambayo naamini ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya kweli, hasa pale maji yanapotolewa kwa mgawo. Dira ya gurudumu haina macho ya kutofautisha hewa na maji. Kitu chochote kinachopita kwa nguvu kinaizungusha, na hewa, kwa wepesi wake, hupita kwa kasi kubwa kuliko maji. Hebu tupige hesabu ndogo. Kilomita moja ya bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 ina ujazo wa takriban mita za ujazo 7.9. Bomba hilo likikauka, hujaa hewa. Maji yakirudi, hewa hiyo yote inapaswa kutoka mahali fulani. Kama valvu za kutolea hewa kwenye bomba kuu hazipo, zimeziba au zimefukiwa, mlango unaobaki ni koki za wateja, hasa wa sehemu za miinuko na wale wanaoacha koki wazi ili wajue maji yamerudi. Yule anayeamka usiku kwa mluzi wa koki anasikia hewa ikipita, na dira yake inaihesabu.

Katika hili, mteja hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba afunge koki zake mgawo unapoisha na asizifungue mpaka maji yametulia bombani. Huo ni ushauri mzuri, na mimi mwenyewe naufuata. Wa pili ni kwamba anunue kifaa cha kuzuia hewa akifunge baada ya dira. Huo siuamini, kwa sababu hewa ikishafika kwenye kifaa hicho ili itolewe nje, tayari imepita ndani ya dira na kuhesabiwa. Hewa inapaswa kutolewa kabla haijafika kwenye tawi la mteja, kwa valvu zilizowekwa kwenye vilele vya bomba kuu na kwa kulijaza bomba polepole maji yanaporudishwa, na kazi zote hizo mbili ni za mtoa huduma. Wala mtoa huduma asidhani kwamba anafaidika na yuniti za hewa. Gurudumu linalozungushwa kwa kasi isiyo na maji ya kulipooza hula ncha yake, na dira iliyolika ncha huanza kuacha mitiririko midogo ipite bila kuhesabiwa. Kilichozidi kwenye ankara za mwaka huu hupungua kwenye ankara za miaka inayofuata, na katika kipindi chote hicho hapakuwa na siku hata moja ambayo kipimo kilikuwa cha haki.

Ufungaji wenyewe si kazi ngumu, na labda ndiyo sababu hudharauliwa. ISO 4064 ina sehemu yake ya tano inayohusu ufungaji tu, na mengi yaliyomo ni mambo ambayo fundi mwangalifu angeyafanya hata bila kuelekezwa. Mshale uliochorwa kwenye mwili wa dira ufuate maji yanakoelekea. Bomba lisuuzwe kwa maji kabla dira haijafungwa, kwa kuwa udongo na vipande vya plastiki vilivyobaki wakati wa kuchimba na kukata bomba huishia kwenye chujio la dira. Dira ikae sehemu ya chini ya bomba, si kwenye kilele, ili wakati wote ijae maji na hewa isipate pa kukusanyika. Pawe na valvu kabla na baada yake, ili ibadilishwe bila kukausha mtaa wala kumwaga maji ya nyumba. Pale ambapo mtengenezaji ametaja urefu wa bomba lililonyooka kabla ya dira, kwa mfano mara 10 ya kipenyo chake, urefu huo uheshimiwe, kwa sababu kona au valvu iliyofunguliwa nusu iliyo karibu mno huyafanya maji yaingie yakiwa yamejisokota na kulipiga gurudumu mahali pasipotarajiwa. Uchafu ulioziba nusu ya tundu la kuingilia katika dira ya gurudumu moja lenye mkondo mmoja una athari kama hiyo: maji yaleyale yanabanwa kupita kwenye upenyo mwembamba, yanaongeza kasi, na dira inasoma zaidi ya yaliyopita.

Kuna jambo moja ambalo ningetamani kila fundi bomba alijue kabla ya kushika spana, ingawa linahusu maisha yake kuliko usahihi wa kipimo. Katika nyumba nyingi za zamani zenye mabomba ya chuma, nyaya za usalama wa umeme zimeunganishwa na bomba la maji ili bomba lipeleke umeme ardhini hitilafu inapotokea. Fundi anayefungua dira hukata njia hiyo, na mikono yake miwili inaweza kuwa ndiyo daraja pekee lililobaki kati ya pande mbili za bomba. Kabla ya kuifungua dira anapaswa kuunganisha pande hizo kwa waya imara. Nimekutana na mafundi wenye uzoefu mkubwa ambao hawakuwahi kuambiwa hivyo.

Kosa lililonishangaza kuliko mengine halikuhusu ufundi wa dira hata kidogo. Mama mmoja aliyeishi peke yake alipeleka malalamiko mara tatu kwamba anatozwa maji ya familia nzima. Dira yake ililetwa kwetu mara mbili, ikafaulu mara mbili. Siku tuliyokwenda kwake tulifunga valvu ya dira iliyoandikishwa kwa jina lake, tukamwomba afungue koki ya jikoni. Maji yakatoka kama kawaida, na jirani wa ghorofa ya juu akachungulia kuuliza nani amemkatia maji. Dira mbili zilizokuwa katika shimo moja zilikuwa zimeandikishwa kwa kupishana tangu siku ya kwanza. Jaribio hilo halikuchukua hata dakika tano na halikuhitaji chombo chochote, lakini hapakuwa na kanuni iliyomtaka fundi alifanye mbele ya mwenye nyumba kabla ya kuondoka.

Kuhusu matunzo, nianze na umri. Dira huzeeka kama mashine yoyote yenye viungo vinavyosuguana, na kwa kawaida uzee huifanya isome pungufu, hasa mitiririko midogo. Ndiyo maana si busara kusubiri malalamiko ndipo dira ibadilishwe: mwenye dira iliyochoka hana sababu ya kulalamika. Nchini Ujerumani, kwa mfano, sheria ya vipimo inaipa dira ya maji baridi ya nyumbani miaka 6, kisha ibadilishwe au ithibitishwe upya, isipokuwa pale ambapo sampuli za kundi lake zimepimwa zikaonekana bado nzuri. Sisemi kwamba miaka 6 inafaa kila mahali. Maji yenye mchanga huua dira mapema zaidi, na dira iliyopitisha maji ya nyumba ya kupangisha yenye wapangaji wengi imezeeka kuliko ya mwaka uleule iliyohudumia mtu mmoja. Ila lazima muda uwepo, uandikwe, na mteja aweze kuusoma.

Tangi la juu ya paa nalo linastahili kutajwa, kwa sababu limebadilisha kabisa jinsi dira inavyofanya kazi. Nyumba isiyo na tangi huvuta maji kwa mikupuo, koki ikifunguliwa na kufungwa. Penye tangi, boya linapokaribia juu hubana tundu kidogo kidogo, na kila mtu anapotumia maji kidogo, tangi hujazwa kwa mtiririko mwembamba ambao dira ya uwiano mdogo haiuoni. Dawa yake ni kuchagua dira yenye R kubwa kwa nyumba za aina hiyo, au boya linalofunguka na kufunga kwa mkupuo, na uchaguzi huo ni wa mtoa huduma kuufanya kabla ya kununua dira, si wa kumlaumu mteja baadaye. Kwa upande mwingine, mteja anayefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye dira anafanya kosa ambalo simtetei: pampu hufyonza hewa na uchafu kupitia viungo vilivyolegea, huwanyima majirani, na inaweza kuivuta dira kupita kikomo chake, ambacho ni mara 1.25 ya Q3, na hata hicho kwa muda mfupi tu.

Wajibu wa mwenye nyumba upo, na si mzito. Asiifukie dira, asipande maua juu ya kifuniko chake, asiache shimo lijae maji machafu, na aisome mwenyewe, angalau siku ileile ambayo msomaji wa dira anapita. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo kamili, ambazo ankara huziita yuniti, kila moja lita 1,000. Nyekundu ni sehemu za yuniti. Kigurudumu kidogo cha umbo la nyota au pembetatu ndicho chenye kusema ukweli wa kuvuja. Mtu akifunga koki zote usiku, akahakikisha tangi limejaa, kisha akakuta kigurudumu hicho bado kinajongea, maji yanakwenda mahali. Avumilie kidogo kukitazama, kwa maana baadhi ya mivujo ni midogo mno: koki inayodondosha tone moja kila sekunde, kwa kadirio la matone 20 kwa mililita, hupoteza lita 4 na kidogo kwa siku, na mtiririko huo peke yake hauwezi kuizungusha dira ya kawaida. Tangi la choo lisilofunga vizuri linaweza kupoteza mara nyingi zaidi ya hapo, bila sauti.

Lakiri nayo ina pande mbili. Ni haki mtu anayeikata kwa makusudi aadhibiwe. Lakini nimeona lakiri za plastiki zilizokatika kwa jua, za waya zilizoliwa na kutu, na nyingine ambazo hazikuwahi kufungwa tangu mwanzo, na katika hali zote hizo mwenye nyumba alitakiwa athibitishe kwamba hakuwa yeye. Bila kumbukumbu ya siku ya ufungaji, angethibitisha kwa nini?

Kwa hiyo ninachoomba mamlaka za maji na wanaozisimamia wakiingize katika kanuni ni karatasi moja, au ujumbe wa simu wenye mambo yaleyale, ambao mteja ataupokea siku dira inapofungwa na kila inapobadilishwa. Uwe na namba ya dira, Q3 na R yake, ulalo iliyofungwa, masomo ya kuanzia, namba ya lakiri, picha ya dira ikiwa mahali pake, tarehe ambayo inapaswa kubadilishwa, na saini ya mteja kwamba ameona koki yake ikikauka valvu ya dira hiyo ilipofungwa. Dira ya zamani inapoondolewa, masomo yake ya mwisho yaandikwe hapohapo mbele ya mwenye nyumba na dira yenyewe itunzwe kwa kipindi kinachotosha mtu kupinga ankara ya mwisho, kwa sababu ikishatupwa hakuna tena cha kupima. Na pale mteja anapolalamika, fundi aende kwanza aikague dira ikiwa bado imefungwa, atazame valvu, ulalo, chujio na historia ya mgawo wa maji wa mtaa huo, aandike alichokiona, ndipo aifungue kuipeleka benchi. Dira za kisasa za mawimbi ya sauti zisizo na gurudumu, na zile za malipo ya kabla, hazitaondoa haja hiyo, kwa kuwa nazo hufungwa na mtu, kwenye bomba lilelile, na hewa ileile itapita ndani yake.

Yule mama wa dira zilizopishana alirudishiwa malipo aliyozidishiwa, ingawa ilichukua miezi kadhaa, kwa kuwa hakuna aliyejua dira zile ziliandikishwa lini hasa wala na nani.

Wako,
Fundi mstaafu wa karakana ya dira za maji